Chombo Kibovu Hakianzi Kuzama Ziwani



Kila mara boti ikizama kwenye maziwa yetu, maneno yanayofuata ni yale yale. Siku ya kwanza tunasikia hesabu ya maiti. Siku ya pili tunaambiwa mizigo ilizidi, upepo ulikuwa mkali, nahodha hakusikia shauri. Siku ya tatu mkubwa mmoja anafika bandarini na kutangaza kwamba safari za usiku zimekatazwa. Juma haliishi, boti ingine inapakia pale pale. Sanduku letu la msiba linatoa kile linachoweza, jamaa wanazika, na kama nahodha naye alikufa, kesi inazikwa pamoja naye.

Kuna pia lile neno linalosemwa kwa sauti ya chini: "Batu benyewe ndio balipenda kupanda." Neno hili linauma, juu linafanya mwenye kufa awe ndiye mwenye kosa.

Katika makala hii ninaomba tuulize maswali mengine. Ile boti, nani aliitengeneza? Nani aliikagua? Nani alitia sahihi kwamba inafaa kubeba watu? Wengine duniani waliuliza hayo mbele yetu, tena kwa uchungu kama wetu. Historia yao inaonyesha jambo moja: ajali ya majini inaanzia nchi kavu, kwenye karakana, kwenye duka na kwenye meza ya ofisi. Na inaonyesha kwamba wale wa juu hawajibu mpaka watu wa chini washike karatasi mkononi na wakatae kunyamaza.

Mstari mmoja wa rangi

Tuanze Uingereza, miaka 150 hivi iliyopita. Nchi ile ilikuwa na meli nyingi kuliko nchi yoyote, na mabaharia wake walikuwa wanakufa ovyo. Matajiri wengine walikuwa wananunua meli zilizochakaa, wanazipaka rangi mpya, wanazijaza mizigo kupita kiasi, kisha wanazikatia bima. Meli ikifika, tajiri anapata faida ya mzigo. Meli ikizama, anapata malipo ya bima. Mwenye kupoteza ni baharia na mke wake. Watu waliziita meli hizo majeneza yanayoelea. Na baharia aliyekwisha kuandikishwa, akiona ubovu na kukataa kupanda, alifungwa gerezani kwa kuvunja mkataba.

Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, alichukua jambo hili. Mwaka wa 1873 alitoa kitabu juu ya hali ya mabaharia. Mwaka wa 1875, serikali ilipotaka kuweka pembeni mswada wa usalama wa meli, alisimama bungeni akapiga kelele na kuwaita wenye meli waliokuwa wabunge watu waovu. Bunge lilikasirika, lakini watu wa nje walisimama upande wake. Mwaka wa 1876 sheria ikapita: kila meli ichorwe alama ubavuni, na maji yakifika kwenye alama hiyo, mzigo umetosha.

Ushindi huo ulikuwa na tundu. Sheria haikusema alama ichorwe wapi, mwenye meli ndiye alichagua. Iliwezekana kuichora juu sana, mahali ambapo haizuii kitu. Ilichukua mpaka mwaka wa 1890 ndipo sheria ikaondoa uchaguzi huo mikononi mwa mwenye meli. Leo mstari ule uko kwenye meli kubwa duniani kote, na mabaharia wanaujua kwa jina la Plimsoll.

Tukumbuke miaka hiyo 14. Sheria inaweza kuwepo kwenye karatasi na bado isiokoe mtu hata mmoja, ikiwa anayepaswa kubanwa nayo ndiye anayeshika kalamu.

Jile zilizozamisha watoto

Hadithi ya pili ni ya New York, Marekani, tarehe 15 Juni 1904. Kanisa moja la Kilutheri la wahamiaji Wajerumani lilikodi meli ya abiria, General Slocum, kwa matembezi ya mwaka. Ilikuwa siku ya kazi, kwa hiyo waliopanda wengi ni mama na watoto. Watu walikuwa zaidi ya 1,300. Meli ikashika moto katikati ya mto, wakati nchi kavu inaonekana pande zote mbili.

Wafanyakazi walikimbilia mipira ya kuzimia moto, ikapasuka juu ilikuwa imeoza. Mashua za kuokolea zilikuwa zimekwama mahali pake, hazikushuka. Mama walivalisha watoto jile, yale majaketi ya kuelea, wakawatupa majini ili waponee. Watoto wakazama. Ndani ya jile zile kulikuwa na magome ya koki yaliyokaa miaka 13 mpaka yakawa unga, na unga ule ulikunywa maji na kuvuta watoto chini. Zaidi ya watu 1,000 walikufa siku ile.

Sasa tusikilize vizuri kilichotoka kwenye uchunguzi. Meli ile ilikuwa imekaguliwa mwezi uliotangulia. Mkaguzi wa Leta alitia sahihi kwamba jile ni nzuri, mipira ni mizuri, kila kitu ni kizuri. Na uchunguzi ukiendelea, ikagunduliwa habari mbaya zaidi: kiwanda kimoja cha New Jersey kilikuwa kinauza vipande vya koki vya kutengenezea jile vikiwa na vyuma vidogo vimefichwa katikati. Sheria ilidai kila jile iwe na koki ya uzito fulani. Chuma ni rahisi kuliko koki. Kwa hiyo wakatia chuma ili mizani itimie. Mtu akae chini afikiri: chuma, ndani ya kitu kilichotengenezwa ili kielee.

Nani alijibu? Nahodha alihukumiwa miaka 10 gerezani. Alikaa miaka mitatu na kidogo, akaachiliwa, baadaye rais akamsamehe. Mkaguzi alipelekwa mahakamani mara tatu, na mara tatu baraza la mahakama halikuelewana. Wakubwa wa kiwanda walishtakiwa, lakini hakuna aliyehukumiwa. Kampuni yenye meli ilitoka na adhabu ndogo.

Ukisoma hivyo tu, utasema walishindwa. Lakini tazama kilichobaki. Maofisa wa ukaguzi walifukuzwa kazi. Meli zingine zilikaguliwa upya. Na sheria ya Marekani ikaja kusema kwamba mtu anayetengeneza au kuuza kifaa cha kuokolea maisha huku anajua ni kibovu, ametenda jinai. Sheria hiyo iko mpaka leo. Fundi na muuzaji wakaingizwa ndani ya hesabu, wakati mbele ya hapo hesabu ilikuwa inaishia kwa nahodha.

Meli ya Bukoba

Tuje karibu na kwetu. Tarehe 21 Mei 1996, meli MV Bukoba ilikuwa inatoka Bukoba kwenda Mwanza kwenye Ziwa Victoria. Ilipinduka asubuhi, ikiwa imekaribia kufika. Hesabu ya serikali ya Tanzania ni watu 894 waliokufa, na wako wanaosema walikuwa zaidi. Meli ilikuwa ya abiria 430 hivi. Miezi michache baadaye vita ilitufukuza sisi wenyewe kuvuka Tanganyika kwenda Kigoma, na wengi wetu tulikuta nchi ile bado inaongea juu ya msiba huo.

Mambo mawili ya Bukoba yanatufundisha. La kwanza ni orodha. Daraja la kwanza na la pili lilikuwa na orodha ya abiria, daraja la tatu halikuwa nayo. Maana yake maskini walipanda bila kuandikwa, na walipokufa, ilibidi kubahatisha hesabu yao. Mtu asiyeandikwa ni vigumu kumdai haki, juu hata kwamba alikuwa ndani inabidi kuthibitishwa kwanza.

La pili ni uokoaji. Meli ilipogeuka, tumbo lake lilibaki juu ya maji kwa saa kadhaa, na watu walikuwa wanagonga kutoka ndani. Waliokuja kusaidia walitoboa chuma ili wawatoe. Hewa iliyokuwa inashikilia meli ikatoka kwenye tundu, na meli ikashuka chini. Wale watoboaji hawakuwa watu wabaya, walikuwa wanahangaika kuokoa. Lakini kuwa na wapiga mbizi na vyombo vya uokoaji tayari ni kazi ya Leta, tena inafanywa kabla ya ajali. Wapiga mbizi wengine ilibidi watoke Afrika Kusini.

Serikali iliunda tume chini ya jaji, ikatangaza siku tatu za maombolezo, na nahodha pamoja na maofisa wakashtakiwa. Hilo lilikuwa jambo la maana, juu mashtaka yalipanda kidogo juu ya usukani na kufika kwenye ofisi.

Joola: wakati Leta ndiyo mwenye meli

Hadithi inayofanana zaidi na yetu imetoka Senegal. Kule kusini kuna jimbo la Casamance, ambalo limetengwa na Dakar na nchi ya Gambia. Barabara ilikuwa ndefu, na juu ya uasi wa miaka mingi ilikuwa pia ya hatari. Kwa hiyo mwanafunzi anayekwenda shule, mama anayepeleka maembe na mafuta ya mawese sokoni, askari na mgonjwa, wote walikuwa wanategemea meli moja: Le Joola, iliyojengwa Ujerumani na kufika Senegal mwishoni mwa 1990.

Meli hiyo ilikuwa mali ya serikali na iliendeshwa na jeshi la majini. Ilisimama mwaka mzima hivi kwa matengenezo, ikarudi kazini Septemba 2002. Wiki mbili na siku chache baadaye, tarehe 26 Septemba, iliondoka Ziguinchor. Ilikuwa na nafasi ya watu 580 hivi pamoja na wafanyakazi. Waliokuwa ndani walikuwa zaidi ya mara tatu. Usiku, karibu saa tano, ikapigwa na dhoruba na kupinduka mbele ya pwani ya Gambia. Msaada ulifika asubuhi. Watu 64 tu walipona. Hesabu ya serikali ni 1,863 waliokufa, na jamaa wanasema walizidi hapo. Ni zaidi ya waliokufa kwenye Titanic.

Hapa hakuna tajiri wa kusingizia. Mwenye meli ni Leta, mwendeshaji ni Leta, mkaguzi ni Leta. Na chombo hakikuwa na karatasi halali za kusafirishia watu. Mawaziri wawili waliacha kazi, mkuu wa jeshi la majini aliondolewa, na kabla mwaka haujaisha waziri mkuu naye akatoka. Serikali ilikubali kosa lake na kuwalipa jamaa faranga milioni 10 za CFA kwa kila marehemu. Lakini mwaka wa 2003 upande wa mashtaka ulifunga kesi ya jinai. Mwenye kosa, walisema, ni nahodha. Na nahodha alikuwa amekufa.

Kumbe ndani ya meli walikuwamo pia Wafaransa, na jamaa zao wakapeleka kesi Ufaransa. Mwaka wa 2008 jaji mmoja kule akatoa hati za kukamata maofisa tisa wa Senegal, pamoja na aliyekuwa waziri mkuu. Senegal ilikasirika. Kesi ikazungushwa miaka kumi, na mwisho mahakama za Ufaransa zikasema hazina uwezo wa kuhukumu viongozi wa nchi ingine kwa kazi ya serikali yao.

Kwa hiyo mpaka leo hakuna aliyehukumiwa. Je, jamaa walifanya kazi bure? Mimi nasema hapana. Juu ya kelele zao, mwaka wa 2008 Casamance ilipata meli mpya, Aline Sitoe Diatta. Kila mwaka tarehe 26 Septemba jamaa wanakusanyika, na wanaendelea kudai meli itolewe chini ya bahari pamoja na wale waliobaki ndani. Serikali zilizofuata zimebidi ziwajibu, hata kwa shingo upande.

Na pale ndipo lile neno la "balipenda kupanda" linapoanguka. Watu wa Casamance hawakupenda. Barabara haikuwa na usalama.

Kwetu sisi

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi ilitoka Minova kuelekea Goma kwenye Ziwa Kivu. Ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wa pwani wakiangalia kwa macho. Gavana wa Kivu Kusini alitangaza kwamba ndani walikuwa 278 na kwamba hesabu ya kwanza ya waliokufa ilikuwa 78. Juu ya nini watu walikuwa wengi vile? Juu barabara ya Minova ilikuwa imekatwa na vita. Ukitoa majina ya mahali, hii ni Casamance.

Na haikuwa kwa kukosa amri. Mwezi wa Aprili 2019, baada ya ajali ingine kwenye ziwa lile lile upande wa Kalehe, rais wa Jamhuri alifika na kusema jile ni lazima kwa kila abiria. Kongo ina sheria ya usafiri wa mito na maziwa tangu 1966. Tuna makomisera wa ziwa. Tunarudi kwa ule mstari wa Waingereza: alama ipo, lakini nani anashika kalamu?

Wengine watasema sisi ni maskini, boti zetu ni za zamani, hatuwezi kujilinganisha na nchi kubwa. Jibu wanalo wazee wetu. Mwaka wa 1997 wengi walirudi kutoka Kigoma mpaka Uvira ndani ya Liemba. Meli hiyo ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka wa 1913. Ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka wa 1916 katika vita, ikatolewa chini ya ziwa mwaka wa 1924, ikarudi kazini mwaka wa 1927. Ilikuwa na miaka zaidi ya 80 siku ile ilipobeba wakimbizi, safari baada ya safari, makumi ya maelfu. Uzee peke yake hauui. Kinachoua ni chombo kisichotengenezwa na kisichokaguliwa, na sahihi iliyouzwa.

Kwenye ziwa letu mtengenezaji si kiwanda cha mbali. Mara mingi ni fundi tunayemjua, anayejenga boti ya mbao kwa kipimo cha macho. Halafu mwenye boti anaongeza mbao juu ili abebe zaidi, na anafunga moteri nzito kuliko ile fundi alifikiria. Kumwajibisha fundi haina maana ya kumtupa gerezani. Maana yake ni aweke jina lake, mwaka na kipimo kwenye kazi yake, na aseme wazi boti inabeba watu wangapi. Fundi mwema hataogopa. Itamlinda, juu siku mwenye boti akizidisha, fundi atakuwa na ushahidi kwamba alimwambia.

Tudai nini

Kutokana na historia hii, naleta mapendekezo matano kwa mkutano wetu mkuu.

Moja, kila boti inayobeba wanachama wetu ichorwe mstari wa mzigo, na mstari huo uchorwe mbele ya komisera na wawakilishi wa abiria. Mwenye boti asiuchore peke yake.

Mbili, orodha ya abiria iandikwe mara mbili, pamoja na watoto wa mgongoni. Nakala moja ibaki nchi kavu. Orodha inayosafiri na boti inazama na boti.

Tatu, karatasi ya ukaguzi ibandikwe bandarini, na jina la aliyetia sahihi lisomeke. Anayejua jina lake linasomwa na mama zetu kila asubuhi atafikiri mara mbili.

Ine, jile zijaribiwe majini kabla ya kugawanywa. Hapa ninasema na wafadhili wetu kwa heshima yote. Munapotununulia jile, tunaomba musitazame bei tu. Ulizeni kiwanda gani, na cheti gani. Jile mbovu ni mbaya kuliko kukosa jile, juu inamdanganya mama ajisikie salama mpaka dakika ya mwisho. Mama wa New York waliamini kile walichovalisha watoto wao.

Tano, ajali ikitokea, chama kikusanye karatasi kabla ya kukusanya michango: orodha, picha za boti, majina ya walionusurika na maneno yao. Mchango unazika mara moja. Karatasi zinaweza kutumika miaka kumi baadaye, kama jamaa wa Joola walivyozitumia.

Sisi tuliorudi tunajua maana ya kupanda chombo bila kuwa na njia ingine. Tulivuka tukikimbia, tukavuka tena tukirudi, na leo tunavuka juu ya soko, shule na hospitali. Anayevuka kwa lazima ana haki kubwa zaidi ya kuuliza kama chombo ni kizima. Kesho asubuhi boti zitapakia tena. Tuanze na ule mstari wa rangi: gharama yake ni kopo moja na brashi, na tunaweza kuuona sisi wote, aliyesoma na asiyesoma.